Risechi ya tabaka, siasa na utambulisho Uingereza: tufuate mgomo wa Grunwick hatua kwa hatua

Binti wa dada yangu yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma historia, na mwezi uliopita alinipigia saa nne usiku sauti imemkauka. Supavaiza kampitishia mada ya "tabaka na utambulisho Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili" alafu kamwachia hapo hapo. "Shikamoo mama mdogo, naanzia wapi?" Tukakaa kwenye simu karibu wiki tatu, kila jioni nikitoka kazini, na nimeona niyaandike tuliyopitia maana najua wapo wengi wamekwama pale pale. Mi mwenyewe nilisoma Uingereza na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatafutia watafiti wengine nyaraka kule, kwa hiyo haya nimeyafanya kwa mkono. Jinsi ya kufungua akaunti na kusevu PDF sielezi, hayo mnayajua.

Hatua ya 1: Chukua ugomvi mmoja

Mada nzima iweke pembeni kwanza, tafuta ugomvi. Neno "tabaka" ukiliingiza hivi hivi kwenye kisanduku cha kutafutia utazama. Tafuta tukio lenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, watu wamekorofishana hadharani, kwa sababu watu wakikorofishana wanaandika: vipeperushi, barua kwa mbunge, ripoti za polisi, viapo vya mahakamani, maswali bungeni. Wakielewana hawaachi karatasi.

Sisi tulichukua mgomo wa Grunwick. Kilikuwa kiwanda cha kusafisha picha huko Willesden, kaskazini magharibi ya London, jirani na stesheni ya Dollis Hill. Wateja walituma mikanda yao ya filamu kwa posta na kurudishiwa picha kwa posta, shika hilo la posta maana ndo ilikuwa roho ya kampuni. Wafanyakazi wengi walikuwa akina mama wa Kihindi waliotoka huku kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania. Ijumaa ya tarehe 20 Agosti 1976 kijana mmoja akafukuzwa kazi, wenzake watatu wakatoka naye, na jioni ile ile mama mmoja wa kitengo cha oda za posta, Jayaben Desai, akabishana na meneja akatoka pamoja na mwanae. Mama huyu alizaliwa Gujarat, akaishi Tanzania baada ya kuolewa, akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Mgomo ukaja kuisha Julai 1978, wagomaji wameshindwa. Tabaka, jinsia, rangi, uhamiaji, vyama vya siasa, vyote vimebanana kwenye geti moja la kiwanda, utapata wapi mada nzuri kama hiyo na inatuhusu?

Hatua ya 2: Kalenda kwanza, kusoma baadaye

Fungua eksel, safu nne: tarehe, kilichotokea, nani anasema, nimekiona wapi. Basi. Hiyo safu ya tatu usiiruke hata siku moja, nitairudia mwishoni.

Kalenda yetu ilikaa hivi: Agosti 1976 wanatoka, wanajiunga na chama cha wafanyakazi cha APEX, wanafika 137 kati ya wafanyakazi kama 490. Novemba 1976 wafanyakazi wa posta wanagoma kubeba barua za kampuni kwa siku chache, wanatishiwa mahakama wanaacha. Mei 1977 mawaziri watatu wa serikali ya Labour, Shirley Williams, Denis Howell na Fred Mulley, wanakuja kusimama getini na wagomaji. Juni 1977 umati, polisi, wachimba makaa wa Yorkshire wakiongozwa na Arthur Scargill, na wachambua barua wa posta ya Cricklewood wanagoma tena kugusa mzigo wa Grunwick. Tarehe 11 Julai 1977 wanafika watu kama 20,000. Agosti tume ya jaji Scarman inasema chama kitambuliwe na watu warudishwe kazini, mwenye kampuni George Ward anakataa. Novemba Jayaben na wenzake wanafunga kula nje ya makao makuu ya TUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na chama chao wenyewe kinawasimamisha uanachama. Desemba majaji wa House of Lords, ndo ilikuwa mahakama ya juu kabisa enzi hizo, wanaipa kampuni ushindi.

Chini yake weka kalenda ya pili, ya huku kwetu, na hii wanafunzi wa Uingereza wengi hawaiweki. Azimio la Arusha, Februari 1967. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara Kenya, mwaka huo huo 1967. Sheria ya Uingereza ya 1968 iliyopitishwa bungeni ndani ya siku tatu kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza. Kutaifishwa majumba Tanzania 1971. Amin na siku zake 90, Agosti 1972. Ukiziweka kalenda mbili sambamba unaona kwamba yule mama aliyesimama getini Willesden hakuanza maisha yake getini.

Hatua ya 3: Maneno (hapa ndo panakula siku)

Hapa naomba utulie. Mara yangu ya kwanza kufanya kazi hii nilipoteza siku mbili nzima kwenye katalogi ya nyaraka za taifa za Uingereza kwa sababu ya herufi moja. Nilikuwa naandika "Kenyan Asians" ndani ya alama za kunukuu, napata vitu vichache vya ajabu ajabu, nikaamini kwamba mafaili yamefungwa au yamechomwa. Kumbe mwaka 1968 magazeti na maofisa walikuwa wanaandika "Kenya Asians", bila ile n ya mwisho. Na "Uganda Asians". Nilipoitoa hiyo n majibu yakamiminika. Binti yetu naye kabla hajanipigia alikuwa ameshapita njia ile ile na kufikia hitimisho lile lile kwamba hakuna kitu.

Kwa hiyo kanuni yangu: kabla hujatafuta, tengeneza orodha ya maneno kwa mwaka na kwa mdomo. Yaani neno hili lilitumika lini, na lilitoka mdomoni mwa nani. Watu wale wale waliitwa hivi:

Mafaili ya Wizara ya Mambo ya Ndani na ya Nje yanasema "United Kingdom passport holders", wakichoka wanaandika "UKPH". Hawasemi Wahindi, wanasema wenye pasipoti, kwa sababu kwao tatizo lilikuwa ni kwamba watu hawa walikuwa na haki kisheria na serikali ilikuwa inatafuta namna ya kuipunguza. Tafuta pia "special vouchers", ndo vile vibali vya mgao vilivyoanza 1968, kwa mwaka 1,500 tu vya wakuu wa familia. Kwa 1972 tafuta "Uganda Resettlement Board", bodi ya serikali ya kuwapokea waliofukuzwa Uganda.

Takwimu za serikali zinasema "New Commonwealth", neno la kiofisi kabisa, linalofunika Jamaika, India, Kenya, Kupro, wote kapu moja.

Magazeti ya miaka ya 1950 na 1960 yanasema "coloured workers", "coloured immigrants". Ni maneno ya kuudhi na utalazimika kuyaandika kwenye kisanduku, usipoyaandika hupati kitu. Kwenye maandishi yako unayanukuu, usiyafanye yako.

Magazeti ya 1976 na 1977 yanasema "Asian women", na kuna lile neno la "strikers in saris" lililoshika sana. Lisome kwa makini hilo, linakuonyesha nguo kabla ya mfanyakazi.

Sasa mtego mkubwa kuliko yote. Vipeperushi vya wanaharakati wenyewe wa miaka hiyo vinasema "black workers". Binti akanitumia ujumbe kwa furaha, "mama mdogo kumbe walikuwa Waafrika!" Hapana. Kwenye siasa za Uingereza za miaka ya 1970, "black" lilikuwa neno la mapambano, Wahindi, Wapakistani na watu wa Karibiani walijiita hivyo kwa pamoja kwa sababu walikuwa wanabaguliwa pamoja. Sio wote walilipenda na baadaye likapungua matumizi, lakini ukikuta kipeperushi cha 1977 kinasema "black" usihesabu rangi, uliza kwanza nani anaandika na anamwita nani ajiunge. Kugombania neno hilo peke yake kunatosha sura nzima ya tasnifu.

Na sisi tuna mtego wetu wa Kiswahili. Tunasema "Mhindi" tumemaliza. Ndani ya hilo neno kuna Mgoa Mkatoliki, Kalasinga, Bohora, Ismailia, Patel wa Kigujarati, na kila mmoja alikuwa na jamatkhana lake au hekalu lake au klabu yake, mashirika tofauti, magazeti tofauti, na Uingereza walifikia mitaa tofauti. Ukiandika "jamii ya Wahindi" kwenye risechi ya utambulisho umeshafuta kitu ulichokwenda kukitafuta.

Majina nayo. Hilo "ben" la Jayaben maana yake dada kwa Kigujarati, ni heshima, kama "bhai" kwa mwanaume. Ni sawa na mtu aitwe Dada Jaya alafu mwandishi wa habari aandike Dadajaya. Kwa hiyo tafuta "Mrs Desai", "Jaya Desai", "Jayaben Desai", zote. Jina la kampuni pia, kompyuta inayosoma magazeti yaliyopigwa picha inachanganya c na e, wino ukivuja kidogo tu neno linapotea, kwa hiyo kama tovuti inakubali nyota andika Grunw* uone.

Na neno "strike" lenyewe halitoshi. Faili la wizara ya kazi linaweza lisiwe na neno hilo kwenye kichwa, tafuta "dispute", "stoppage", na hasa "recognition", kwa sababu kiofisi ugomvi ulikuwa ni kama kampuni itakitambua chama.

Mengine mawili ya kukupotosha wewe uliyesoma Tanzania au Kenya: "public school" Uingereza ni shule ya matajiri ya kulipia, sio ya serikali. Na "middle class" kwa Mwingereza ni daktari, mwanasheria, mwalimu wa chuo, sio mtu wa kipato cha katikati tu. Nimeona tasnifu nzima imegeuka miguu juu kwa sababu ya hayo mawili.

Orodha yetu ilifika maneno 31. Ibandike ukutani.

Hatua ya 4: Tabaka kwenye sensa, na namna mtu anavyopotea humo

Supavaiza yeyote atataka takwimu. Sawa, lakini jua mizani kabla hujapima.

Tangu sensa ya 1921 serikali ilikuwa inawapanga watu kwenye matabaka matano kwa kazi wanayofanya, kuanzia I la wataalamu hadi V la vibarua. Mwaka 1971 tabaka la III likagawanywa, wa ofisini huku, wa kazi za mikono kule. Mwaka 2001 mfumo wote ukabadilishwa. Kwa hiyo huwezi kuchukua jedwali la 1951 na la 2001 ukachora mstari mmoja ukasema "tabaka la wafanyakazi limepungua", maboksi yenyewe yamebadilika.

La pili, mwanamke aliyeolewa alizoeleka kuhesabiwa tabaka la mumewe. Soma tena hiyo sentensi ukiwa na Grunwick kichwani. Akina mama wanaofunga bahasha kiwandani kwa pauni 28 kwa wiki ya masaa 40, kwenye majedwali mengi tabaka lao linatoka kwenye kazi ya mume.

La tatu, swali la kabila na rangi liliingia kwenye sensa ya Uingereza 1991 tu. Kabla ya hapo una nchi ya kuzaliwa, na 1971 waliuliza pia wazazi walizaliwa wapi. Sasa mchukue Jayaben Desai. Kazaliwa Gujarat, kwa hiyo kwenye safu ya nchi ya kuzaliwa ataingia India, na Tanzania inatoweka kabisa. Wakati huo huo kwenye safu ya "aliyezaliwa Kenya" utakuta na watoto wa masetla na maofisa wa kikoloni, Wazungu watupu. Kuna watu wanachukua namba ya waliozaliwa Kenya, Uganda na Tanzania wanaiita "Wahindi wa Afrika Mashariki" bila hata kukohoa. Usifanye hivyo. Ukiitumia namba hiyo, andika chini yake nani kaingia asiyehusika na nani katoka anayehusika, supavaiza makini atakuheshimu kwa aya hiyo moja kuliko kwa grafu kumi.

Fomu za mtu mmoja mmoja zinafungwa miaka 100, kwa hiyo za 1971 huzioni, utapata majedwali tu. Kama wewe unafanya kipindi cha kabla ya vita, ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, ya 1931 ya England na Wales iliteketea kwa moto 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Ziba pengo kwa daftari la wakazi la 1939 ("1939 Register").

Hatua ya 5: Nyaraka ziko wapi, na zipi ni za bure

Anza na Hansard, kumbukumbu za bunge. Bure, zinaanzia 1803, zinafunguka hata kwa bando dogo. Andika Grunwick, weka 1976 hadi 1978, soma zote. Mi naipenda Hansard kuliko gazeti lolote kwa sababu jina la msemaji lipo, chama chake unakijua, na jimbo lake unaweza kulitafuta. Safu ya tatu inajijaza yenyewe.

Karatasi za vyama vya wafanyakazi: Modern Records Centre, Chuo Kikuu cha Warwick, huko Coventry. Wameweka nyaraka nyingi mtandaoni, na wanajibu barua pepe vizuri ukiwa umeuliza kitu kinachoeleweka. Historia ya Labour iko People's History Museum, Manchester. Kuna pia Working Class Movement Library kule Salford, na Bishopsgate Institute London. Kwa Grunwick yenyewe usisahau kumbukumbu za halmashauri ya Brent, ziko maktaba ya Willesden Green, mtaani pale pale. Hifadhi ndogo za mtaa ndo zenye vipeperushi, picha za watu wa kawaida, barua kwa diwani.

Maisha ya kila siku ya miaka ya 1930 na 1940, Mass Observation, Chuo Kikuu cha Sussex. Mahojiano na takwimu za watafiti waliotangulia, UK Data Service, unajiandikisha tu.

Magazeti ya zamani mengi ni ya kulipia. Kabla hujatoa hela muulize mkutubi wa chuo chako, wakati mwingine usajili upo na hakuna anayeutumia. Na chochote utakachokipata kisevu kwako siku hiyo hiyo. British Library ilishambuliwa na wadukuzi Oktoba 2023 na huduma zake nyingi za mtandaoni zikalala kwa miezi, kuna watu tasnifu zao zilisimama hapo.

Hatua ya 6: Ukifika Kew, au ukimtuma mtu

Mafaili ya serikali yako Kew, London, kwenye The National Archives, ndo zile nyaraka za taifa. Kadi ya msomaji ni bure. Penseli tu, kalamu hawaruhusu. Picha unapiga kwa simu yako bure, ndo maana hata kama uko Dodoma ukimpata ndugu au rafiki wa kwenda siku moja umepata faili zima. Mfululizo wa kuanzia: LAB 10 migogoro ya kazi, PREM 16 ofisi ya waziri mkuu 1974 hadi 1979, HO 344 uhamiaji wa Jumuiya ya Madola, FCO 31 Afrika Mashariki.

Faili likifika mezani anza chini. Karatasi ya zamani kabisa mara nyingi iko chini na ya mwisho iko juu, ukisoma kutoka juu unaona majibu kabla ya maswali. Na soma pembeni: ofisa mdogo ameandika aya tatu kwa taipu, bosi kaandika maneno manne kwa kalamu kwenye ukingo, na uamuzi uko kwenye hayo manne.

Picha ya kwanza ya kila faili iwe jalada lenye namba yake. Mi niliwahi kurudi nyumbani na picha mia saba za mafaili sita, jalada sijapiga hata moja, na zaidi ya nusu sikuweza kuzitumia kwa sababu sikujua karatasi ipi imetoka wapi. Nililia. Piga jalada.

Hatua ya 7: Zotero

Tumia Zotero, programu ya kutunza marejeo na kukutengenezea tanbihi. Ni bure. Tanbihi za kuandika kwa mkono kwenye Word mwezi wa mwisho zitakuua.

Hatua ya 8: Wahoji wazee, kwa Kiswahili

Hapa sisi tuna kitu ambacho maprofesa wengi wa Uingereza hawana. Wazee wengi waliotoka Nairobi, Kampala na Dar wanaoishi Leicester, Wembley na Harrow wanaongea Kiswahili, cha dukani, cha sokoni, lakini wanakiongea, na ukiwasalimia kwa Kiswahili uso unafunguka. Kwa Kiingereza watakupa ile hadithi waliyokwisha kuizoea ya kufika na pauni chache na kufanya kazi kwa bidii. Kwa Kiswahili wanakumbuka mtaa.

Ruhusa kwanza, kwa maandishi, na jina usilitoe kama hajakuruhusu. Alafu usimuulize "ulikuwa tabaka gani", hakuna binadamu anajibu hilo. Uliza vitu. Mi swali langu ni hili: nyumbani kule, nani alikuwa anafua?

Nilimuuliza hivyo mama mmoja wa Wembley, amekaa na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Akanyamaza. Akasema boi, Kariakoo walikuwa na boi wa kufua na yaya wa mtoto. Alafu akageuza viganja vyake juu akaniangalia, akaeleza alivyofika London akawa anafunga vifurushi kiwandani mchana na kufua mwenyewe usiku kwenye beseni, maji baridi, Januari. Hakutaja tabaka popote, lakini limo lote: alikuwa mwajiri, akawa mwajiriwa, na yule boi wa Kariakoo naye yumo kwenye hadithi, ana jina, na mama alilikumbuka. Usimwache huyo boi nje ya risechi yako kwa sababu wewe unafuatilia mateso ya Willesden. Hapa ndo utaona kwa nini akina mama wa Grunwick kuambiwa omba ruhusa ya kwenda chooni au kulazimishwa masaa ya ziada kuliwauma vile. Mshahara ulikuwa mdogo kweli, lakini wengi waliohojiwa wanarudi kwenye heshima.

Angalizo moja: kuna ile kauli maarufu ya Jayaben aliyomwambia meneja, kwamba pale sio kiwanda ni bustani ya wanyama, na humo kuna nyani wa kucheza na kuna simba. Kila makala inaiweka. Ukiitumia, fuatilia imeandikwa wapi kwa mara ya kwanza na nani aliisikia, iweke safu ya tatu. Maneno yanayopendwa sana yanasafishwa njiani.

Hatua ya 9: Kuandika, na neno "wafanyakazi"

Rasimu ya kwanza ya binti ilikuwa na sentensi hii: mwaka 1968 wafanyakazi wa Uingereza walikuwa wabaguzi, 1977 wakabadilika. Nikamuelewa ilikotoka. Tarehe 20 Aprili 1968 Enoch Powell, mbunge wa Conservative, alitoa hotuba yake Birmingham dhidi ya wahamiaji, siku tatu baadaye wafanyakazi wa bandari ya London wakaandamana hadi bungeni kumuunga mkono. Na 1977 bango la wawakilishi wa wafanyakazi wa bandari hiyo hiyo likaonekana Willesden, upande wa akina mama wa Kihindi. Inavutia sana kuandika kwamba tabaka limejifunza.

Nikamwambia rudi kwenye kalenda. Katikati hapo kuna Imperial Typewriters, kiwanda cha mashine za taipu, Leicester, Mei 1974, Wahindi wengi wao kutoka Afrika Mashariki wanagoma kuhusu bonasi na nafasi za uongozi, na maofisa wa chama chao wenyewe pale Leicester hawawaungi mkono. Kuna Novemba 1977, TUC inawaacha waliofunga kula wakae kwenye baridi nje ya mlango wake. Kwa hiyo kila unapoandika "wafanyakazi" simama ujiulize: wa wapi, chama kipi, viongozi au wanachama, wangapi, na nani kasema. Waliobeba bango 1977 ni wale wale walioandamana 1968, au ni wawakilishi wa mrengo wa kushoto ambao hata 1968 hawakwenda? Hayo ni madai mawili tofauti kabisa na yanahitaji ushahidi tofauti.

Akafuta sentensi. Sura yake sasa inaanza na bango lenyewe, rangi yake, maandishi yake, siku ya tarehe 11 Julai, na anataka kujua mikono iliyolishika ilikuwa ya nani. Amewaandikia Warwick na Brent. Kwenye eksel yake safu ya tatu ya mstari ule bado iko tupu, na ndo anayoihangaikia wiki hii.